Kisahani cha Siku Nne

Ukitaka kumjua Mtaalamu, iguse hadubini yake. Usiseme lolote, iguse tu, hata kwa ncha ya kidole, halafu usubiri. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, baba wa pacha, mwenye kipara cha heshima na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, atakurukia kama kuku aliyeguswa vifaranga. Atakuuliza umesomea wapi. Na kabla hujajibu atakwambia alikosomea yeye.

Alikosomea yeye, ndugu yangu, ni kwenye kozi ya miezi mitatu. Miezi mitatu, basi. Lakini kwa jinsi alivyoisimulia ungedhani alikaa huko mpaka nywele zikamwisha. Wenzake kiwandani walichoka kubishana naye, wakampachika jina la Mtaalamu kwa kejeli, naye akalipokea kwa mikono miwili. Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hageuki.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza maziwa ya unga. Maziwa yaliingia upande mmoja ndani ya matangi, yakachemshwa, yakakaushwa, yakatokea upande wa pili kwenye makopo yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Chini ya mtoto paliandikwa kwa herufi nyekundu: HAYANA SPORA. Akina mama dukani hawakujua spora ni mdudu gani, lakini maadamu hayumo, walishukuru na kununua.

Ngoja nikueleze mimi, maana Mtaalamu angekueleza mpaka kesho. Bakteria akiwa na chakula hana neno. Anakula, ananenepa, anazaa. Chakula kikimwishia, umri ukimtupa mkono, wako wengine hutengeneza ndani ya miili yao punje yenye ganda gumu, uhai wote ukajificha humo. Punje hiyo ndiyo spora. Ichemshe, ikaushe, ifungie koponi, imo tu, inakungoja. Siku ikipata maji na uvuguvugu inafunguka, na bakteria anaanza maisha upya. Sasa fikiria uvuguvugu wenyewe ni wa chupa ya mtoto mchanga, mama ameikoroga asubuhi na ataimalizia mchana.

Ganda hilo halipenywi na rangi hivi hivi. Unapaka bakteria kwenye kipande cha kioo, unamwagia rangi ya kijani, unakiweka kioo juu ya maji yanayochemka, mvuke uisukume rangi ndani kwa dakika tano. Kisha unaosha kwa maji. Kijani kinatoka kwenye miili yote, kinabaki ndani ya spora tu, kwa sababu kilichoingia kwa shida hutoka kwa shida. Unamalizia na rangi nyekundu ili miili nayo ionekane. Ukitazama kwenye hadubini, nyekundu ni nyama, kijani ni spora. Kijani kikionekana, shehena inazuiwa, mabomba yanafunguliwa na kusuguliwa. Kazi yenyewe ni hiyo, haina uchawi.

Na hapa nitamsema Mtaalamu, lakini sitamsingizia. Mkono wake ulikuwa mzuri. Dakika tano kwake zilikuwa dakika tano, saa ya mkononi mbele ya pua. Rangi haikumkaukia juu ya kioo hata siku moja. Aliosha taratibu, kwa maji membamba, kioo kimeinamishwa hivi, mpaka ungependa kusimama utazame. Kosa lake lilikuwa moja tu, tena dogo, tena la mwanzoni kabisa: kisahani.

Maana hao bakteria lazima kwanza uwaoteshe. Kila jioni alichukua maziwa kidogo ya shehena ya siku ile, akayapaka kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, akakifungia kwenye kabati la joto. Asubuhi saa tatu anakitoa, anapaka rangi, anatazama. Saa nne kamili visahani vyote vinakwenda kwenye sufuria ya kuchemshia takataka. Hakuna kisahani kilichowahi kuona siku ya pili ndani ya maabara ile. "Mimi sipimi vilivyochacha," alikuwa akisema, kidole juu. "Kila kitu kibichi!"

Sheria hiyo aliitoa wapi? Kwenye kozi. Wiki ya kwanza mwalimu aliwafundisha upakaji mwingine wa rangi, ule wa kutambua aina ya bakteria, akawaambia wachukue bakteria wa jana yake, wachanga. Mtaalamu akaandika, akapiga mstari mara mbili. Wiki ya saba likaja somo la spora. Asubuhi walifundishwa rangi na mvuke. Mchana walifundishwa kisahani cha kutumia, kwamba kwa kazi hii unamwacha bakteria siku kadhaa, azeeke, ashikwe na njaa, maana aliyeshiba hana sababu ya kujificha. Mchana huo Mtaalamu hakuwepo. Alikuwa kwa fundi viatu, anafuata viatu vyake vilivyokwenda kutiwa soli, kwa sababu kesho yake darasa lilikuwa linapigwa picha. Basi kwenye picha ile ametokea na viatu vinavyong'aa, na kichwani ana nusu ya somo.

Kwa nusu hiyo alikula mshahara miaka kumi na moja. Kila asubuhi alitazama bakteria wanene, wachanga, wenye afya zao, wekundu watupu, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa kupendeza: Spora, hakuna. Kesho, hakuna. Mwaka ukiisha kiwanda kinampa cheti cha kuhakikisha usafi. Sebuleni kwake vilijipanga vyeti kumi na kimoja ndani ya fremu, na saa ya ukutani ikahamishiwa jikoni ili kuvipisha.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote ya moto. Alishona nguo za watu barazani, na kwa miaka yote hiyo alisikiliza habari za spora huku anazungusha cherehani.

"Baba Pacha," alimuuliza siku moja, "huyo spora mwenyewe umewahi kumwona?"

"Mke wangu, kazi yangu ni kuhakikisha haonekani."

"Kwa hiyo hujamwona."

"Polisi mzuri ni yule ambaye mtaa wake hauna wezi."

"Au yule anayelala," Mama Pacha akasema, akakata uzi kwa meno.

Mtaalamu akacheka kwa huruma, kile kicheko cha mtu aliyesoma anapozungumza na ambaye hakusoma. Nyani haoni kundule, jamani.

Mwaka ninaokusimulia, Mkuu wa Maabara alikuwa anastaafu. Mzee wa watu alikuwa amechoka, muda mwingi alisinzia juu ya magazeti, na kila mtu alijua kiti chake kinakwenda kwa nani. Ofisi yenye mlango wake mwenyewe, dirisha linalotazama lango kuu, jina lako kwenye kibao. Mtaalamu alikuwa ameshakwenda mara tatu kukipima kile kibao kwa macho, aone jina lake litaenea kwa herufi gani. Nyumbani habari ilikwishatangulia. Mama mkwe, ambaye kwa miaka yote alimwita "yule wa maziwa," alianza kumwita "mwanangu Mkuu," na akaitangaza mtaani kwake nyumba kwa nyumba. Kilibaki kitu kimoja tu, barua.

Na hapo ndipo jino lilipomvamia.

Lilianza Jumatatu jioni, wakati anafungia kisahani cha shehena ya siku ile kwenye kabati la joto. Kufika nyumbani shavu limeumuka. Jumanne hakuweza kufungua mdomo. Sasa, kabati lile la joto lilikuwa na kufuli, na ufunguo Mtaalamu alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba, maana hakumwamini mtu yeyote duniani kwenye mambo ya kabati. Meneja akamtuma dereva aje auchukue. Mtaalamu, amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, akatikisa kichwa na kupunga mikono yote miwili.

"Anasemaje?" dereva akauliza.

"Anasema mtavuruga," akajibu Mama Pacha. "Nenda tu baba, huyu hata akifa tutamzika nao."

Jumatano, hivyo hivyo. Alhamisi, hivyo hivyo. Shehena zikarundikana stoo, magari yakasimama uani, Meneja akawa anatembea na simu sikioni kuwatuliza wateja. Na ndani ya kabati la joto, ndani ya kisahani cha Jumatatu, bakteria walimaliza chakula chao, wakatazamana, wakaanza kufanya walichoumbwa kufanya.

Ijumaa asubuhi Mtaalamu akaingia kazini, shavu moja likiwa bado limelitangulia jingine. Hata koti hakuwahi kufunga vifungo. Mlangoni pa maabara alimkuta Meneja amesimama na mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani, begi mgongoni kama mwanafunzi. Alikuwa Mkaguzi, ametoka mamlaka ya vyakula, na hakuna aliyemtarajia.

"Huyu ndiye Mtaalamu wetu," Meneja akasema, anatabasamu kwa meno yote. "Wiki ijayo anakuwa Mkuu wa Maabara."

"Hongera, fundi," Mkaguzi akasema. "Nimesoma ripoti zenu za miaka kumi na moja. Hakuna spora hata moja. Viwanda vyote nilivyopita, hata kile kinachoongoza kwa usafi, kwa mwaka hakikosi kuziona mara moja mbili. Nikasema hapa lazima nifike, nione kwa macho yangu mnafanyaje."

Mtu mwenye masikio angesikia kengele ya hatari. Mtaalamu alisikia sifa. Akavuta pumzi, akavua kamba shingoni, akafungua kabati kwa madaha, na harufu ikawapiga wote watatu usoni. Kisahani cha Jumatatu kilikuwa kimefunikwa na utando mkavu, wenye makunyanzi, rangi ya kahawia.

"Lo! Samahani, mama," akasema, tayari anakipeleka kwenye sufuria ya takataka. "Nilikuwa mgonjwa. Hiki kimechacha. Kesho asubuhi nitakuonyesha kwa kibichi."

"Kina siku ngapi?"

"Nne."

"Kesho sipo. Tumia hicho hicho."

"Mama, hakifai hiki, utaniaibisha."

"Mimi nataka kuuona mkono wako tu, fundi. Kisahani kisikutie wasiwasi." Akavaa miwani. Mimi nasema yule mama alijua, tangu alipozisoma zile ripoti.

Basi Mtaalamu akafanya kazi, na kwa kuwa alikuwa anatazamwa, aliifanya kama haijawahi kufanywa. Akachokoa utando kwa kijiti cha waya, akaupaka kwenye kioo na tone la maji, akaukausha, akaupitisha juu ya moto mara tatu. Akamwaga rangi ya kijani. Akawasha jiko, maji yakachemka, akakiweka kioo juu ya mvuke, saa mbele ya pua. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mkono mzuri," akasema. Na ulikuwa kweli mkono mzuri.

Meneja, aliyekuwa na magari uani na hana hamu na mvuke, akakohoa. "Mama, wakati huku kunapoa, twende nikuonyeshe mabomba mapya." Wakatoka. Mtaalamu akabaki peke yake. Akaosha kijani, akatia nyekundu, akaosha nyekundu, akakausha, akatia tone la mafuta, akakiweka kioo chini ya hadubini. Akainama, kalamu tayari mkononi kuandika "hakuna."

Hakuandika.

Kwanza alidhani hakuosha vizuri. Akatengeneza kioo kingine, mwanzo hadi mwisho. Kile kile. Akafuta lenzi. Kile kile. Miili myekundu, myembamba, imejipanga kama mabehewa, na ndani ya kila mwili punje moja ya kijani inayong'aa kama jani lililonyeshewa mvua. Pembeni punje nyingine zimezagaa zenyewe, miili yao imekwishaoza ikaziacha. Ukutani juu ya sinki ilining'inia picha ya mafunzo inayoonyesha spora, na kwa miaka kumi na moja Mtaalamu alikuwa anaamini mchoraji aliongeza chumvi. Akaitazama picha, akatazama hadubini. Mchoraji hakuongeza kitu.

Sasa ungetegemea aogope. Aah wapi! Alifurahi. Alifurahi mpaka akasahau jino. Maishani mwake hajawahi kutengeneza kioo kizuri namna ile, na kweli kilikuwa kizuri, ungeweza kukichapa kitabuni. Akafungua mlango, akamwona mama wa usafi anapiga deki ukumbini.

"Njoo! Njoo uone!"

"Nione nini, baba?" Mama wa watu alishtuka, maana kwa miaka yote alikuwa anakatazwa hata kuielekea ile hadubini.

"Wewe tazama tu. Usiguse, tazama."

Akatazama. "Mbona mazuri! Kama shanga. Ni nini hizi za kijani?"

"Spora!" Mtaalamu akasema, kifua mbele.

"Spora?" Mama wa usafi akainua uso. "Si ndizo zimeandikwa kwenye kopo kwamba hazimo?"

Kifua cha Mtaalamu kikarudi ndani. Mama wa usafi akaokota ndoo yake, akarudi kwenye deki. Na hapo ndipo Meneja alipoingia, amemwacha Mkaguzi kwa mafundi wa mabomba, anataka kujua kama mambo ni shwari. Akauona uso wa Mtaalamu. Akainama kwenye hadubini bila kuomba ruhusa, na kwa mara ya kwanza Mtaalamu hakumrukia mtu.

"Hizi za kijani ndizo zenyewe?"

"Ndizo."

"Zetu?"

"Za shehena ya Jumatatu."

Meneja akasukuma mlango taratibu mpaka ukafunga. Akachukua kipande cha pamba, akakilowesha spiriti kwa mkono wake mwenyewe, akamtilia Mtaalamu kiganjani.

"Futa."

"Bosi..."

"Futa, uweke kioo safi. Umefanya kazi hii miaka kumi na moja, leo ndiyo siku ya kuharibu? Barua yako iko mezani kwangu, nimeshaitia sahihi. Mama akirudi akute wekundu watupu, aende zake, saa nane tunakuita ofisini na kibao tunakibandika leo leo. Asipokuta wekundu..." Hakumalizia. Nje, mwisho wa ukumbi, viatu vya Mkaguzi vilianza kusikika, ko, ko, ko, vinarudi.

Kioo kile kingefutika kwa kupitisha pamba mara moja. Kibao, dirisha, lango kuu, mama mkwe na mtaa wake wote, vyote vilikuwa upande mmoja wa ile pamba. Upande wa pili palikuwa na kioo.

Ningependa sana kukwambia aliwafikiria watoto. Ingependeza, na wewe ungekwenda zako moyo mweupe. Aliwafikiria, ndiyo, lakini baadaye. Saa ile alikuwa anafikiri jambo moja tu: kwamba kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya inafutwa kabla haijaonwa na mtu anayeijua. Miaka kumi na moja ametazama wekundu watupu, na leo, mbele ya mkaguzi mwenye miwani aliyemwambia ana mkono mzuri, aweke wekundu tena? Majivuno yalimpanda kutoka kwenye soli, yakamfika shavuni, jino likaruka. Na mimi nakwambia, kama dunia hii ingengoja watu waseme kweli kwa sababu njema tu, tungeshakufa wote.

Mlango ukafunguka. Mtaalamu akaidondosha pamba kwenye sinki.

"Mama, karibu," akasema, na kumvutia Mkaguzi kiti. "Njoo utazame kazi ya mkono wangu."

Mkaguzi akatazama kwa muda mrefu. Alisogeza kioo huku, akakisogeza kule. Meneja alikuwa ameangalia dirishani, kana kwamba hajawahi kuyaona magari yale. Mwishowe Mkaguzi akavua miwani, akamgeukia Mtaalamu, na uso wake ulikuwa umelainika.

"Fundi, hiki ni kioo kizuri. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na sikuonyeshwa kizuri kama hiki."

Mtaalamu alikuwa karibu kulia.

"Sasa niambie," Mkaguzi akasema, akafungua daftari. "Kwa kawaida mnatumia kisahani cha siku ngapi?"

Ole wake! Angenyamaza. Angesema ana jino. Lakini sifa zilikuwa zimemlevya, na mlevi huwezi kumwaga swali mbele yake likabaki bila jibu. "Cha usiku mmoja, mama," akasema, kidole juu. "Kibichi! Saa nne kamili ninavichemsha vyote. Hapa kisahani hakioni siku ya pili. Hiki cha leo ni kwa bahati mbaya tu."

Kalamu ya Mkaguzi ikasimama. "Toka lini?"

"Toka nilipoanza. Miaka kumi na moja."

"Fundi," akasema polepole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba, "bakteria wa usiku mmoja ameshiba. Aliyeshiba hatengenezi spora. Ungeweza kumpaka rangi ya dunia nzima, usingeiona. Kisahani cha kazi hii ni kama hiki, cha siku tatu, nne, tano. Hukuambiwa?"

Mtaalamu akatazama kisahani kilichokauka, akatazama sufuria ya takataka, akaketi. Hakuna aliyemwambia aketi. Ule ubongo uliotegea mchana mmoja kwenda kwa fundi viatu ulilipokea somo lake lote kwa mkupuo, mbele ya mgeni. Kila asubuhi ya miaka kumi na moja ilikuwa inampita machoni, kioo kwa kioo, na kwa mara ya kwanza hakujua hata kimoja kilikuwa na nini.

"Sikuambiwa," akasema. Kisha, nusu sauti, "Niliambiwa. Sikuwepo."

Alasiri ile ile mashine zilizimwa. Mabomba yalifunguliwa, na kwenye kona za ndani walikuta maziwa ya zamani yamegandamana unene wa kidole. Makopo yakarudishwa kutoka madukani, gari kwa gari, yule mtoto mnene anacheka kwenye kila kopo. Magazeti yakaandika. Kiwanda kikatoa tangazo la kumshukuru Meneja kwa ushirikiano wake mzuri na wakaguzi, na wala siongezi chumvi, nililisoma mwenyewe.

Mtaalamu aliambiwa akae nyumbani asubiri barua, na akaisubiri kwa wiki mbili. Siku hizo ndizo alizowafikiria watoto. Jirani alikuwa na mtoto mchanga wa miezi minne, na kila alipolia upande wa pili wa ukuta, Mtaalamu alisimama katikati ya sebule na kusikiliza kama daktari. Mama mkwe hakuja.

Barua ilipofika aliileta yule yule dereva, na hakukubali kuketi. Mama Pacha alikuwa barazani kwenye cherehani. Mtaalamu akaifungua, akaisoma kwa macho, kisha akaisoma kwa sauti, kwa sababu mkewe alimwambia asome kwa sauti. Ilikuwa imeandikwa na Meneja. Ilisema mfanyakazi huyu alifanya kazi ya kupima spora kwa miaka kumi na moja bila kujua namna ya kuipima. Ilisema aliidhinisha kila shehena kwa kipimo kisichoweza kuonyesha kitu. Ilisema uzembe wake umehatarisha afya za watoto. Ilisema ameachishwa kazi kuanzia tarehe ile.

Mama Pacha akasimama, uzi bado unaning'inia mdomoni. Nilikwambia alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku hiyo aliyamwaga yote. "Mbwa yule! Siku uliyoziona ndiyo siku anakufukuza? Miaka kumi na moja huzioni, anakupa vyeti, na siku unapoziona, anakupa barua? Si yeye aliyekutilia pamba mkononi? Si yeye aliyekwambia ufute? Nipe hiyo karatasi. Nipe nimpelekee usoni, nimwambie mbele ya watu wake wote kwamba ni uongo!"

"Mama Pacha," Mtaalamu akasema, "si uongo."

"Nini?"

"Kila neno ni kweli."

Mwanamke alikuwa ameolewa miaka kumi na sita, na hakuwahi kumsikia mume wake akisema amekosea, hata alipomwaga chai kwenye shati lake mwenyewe. Akakaa chini taratibu. Uani pacha walikuwa wanagombania mpira, wasichana wawili wa miaka tisa, magoti yamejaa vumbi. Mama Pacha akawatazama, halafu akamtazama mumewe, na alipouliza, hakuuliza kwa kejeli.

"Walipokuwa wachanga, wale. Ile wiki tuliyolala hospitali, wanaharisha wote wawili. Si maziwa ya kwenu tuliyokuwa tunawapa?"

Mtaalamu aliikunja barua mara mbili, mara tatu, mpaka ikakataa kukunjika.

"Ndiyo," akasema.

"Na yalikuwa nazo?"

Aliwatazama watoto wake, na akajibu kama mtu asiye na cheti hata kimoja.

"Sijui, mke wangu. Nilikuwa kazini siku yalipotoka kiwandani. Mimi ndiye niliyeyapima."